UZI: Hewa ya Mbeya haijapungukiwa oksijeni. Tuielewe angahewa tunayoishi ndani yake

Mwana_Loleza

Wakuu, heshima kwenu wote.

Timu ya mpira ya pwani ikija uwanja wetu wa Sokoine ikafungwa, siku hiyo hiyo mitandaoni utasoma kwamba Mbeya hakuna oksijeni. Mgeni akipanda uwanda wa juu wa Kitulo akaanza kuhema, ataambiwa oksijeni imeisha. Gari likikosa nguvu mlimani, oksijeni tena. Maneno haya yamezoeleka mno, na yananiuma, kwa sababu ukweli wenyewe ni mtamu zaidi na unatuhusu sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe kuliko Watanzania wengi. Naomba niuandike kwa kirefu. Mwenye swali aulize, mwenye ujuzi aongeze.

Tuanze na kilichomo. Chota hewa kavu ufukweni Matema, Ziwa Nyasa, chota nyingine Soweto hapa mjini, na nyingine kileleni Rungwe kwenye mita zinazokaribia 2,960. Zipime zote tatu. Majibu yatakuwa yale yale: naitrojeni asilimia 78.08, oksijeni asilimia 20.95, agoni asilimia 0.93. Gesi hizo tatu zimeshajaza karibu nafasi yote. Kabonidioksidi inayozungumzwa kila siku kwenye habari za tabianchi ni kama asilimia 0.042 tu. Zinazobaki ni chembe za neoni, heliamu, methani, kriptoni na nyingine.

Mvuke wa maji sijauweka kwenye hesabu kwa makusudi, maana wenyewe hautulii. Hewa ya Usangu mwezi wa tisa ina mvuke kidogo sana. Ya Kyela wakati wa mvua inaweza kuwa nao wa asilimia 3. Tutaurudia, kwa sababu huo mvuke ndio unaotuletea mvua, ukungu na hata usalama wa viazi vyetu.

Sasa, upepo na joto vinaikoroga hewa usiku na mchana, kwa hiyo mchanganyiko huo unabaki ule ule kutoka usawa wa bahari hadi karibu kilomita 100 juu. Kwa asilimia, oksijeni ya Uyole ni sawasawa na ya Kigamboni.

Kinachopungua tukipanda ni hewa yenyewe, gesi zote kwa pamoja. Hewa ina uzito. Waliowahi kuona marobota ya mitumba yamepangwa Mwanjelwa wanajua kwamba la chini kabisa ndilo linalobanwa zaidi. Hewa ya pwani ndiyo hiyo ya chini, imebebeshwa angahewa nzima. Juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi pale usawa wa bahari kuna hewa yenye uzito wa tani 10 na ushei. Hapa mjini Mbeya, kwenye mita kama 1,700, mzigo huo ni tani 8 na nusu hivi. Watu wa hali ya hewa mzigo huo wanauita mgandamizo, na wanaupima kwa hektopaskali: pwani ni kama 1,013, hapa ni karibu 830. Kitulo kwenye mita 2,600 unashuka hadi karibu 745.

Tafsiri ya namba hizo ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu. Ukisimama Kabwe stendi, takribani asilimia 18 ya hewa, kwa uzito, iko chini ya kimo ulichosimama. Ukiwa Kitulo, zaidi ya robo umeshaiacha chini. Watu wengi wanadhani angahewa ni kitu kilichoko juu kule, kwenye mawingu. Sisi wa nyanda za juu tumeshapanda ndani yake na tumejenga nyumba humo.

Pwani_Yetu

Mkuu umeeleza vizuri, lakini mwisho wa siku si ni yale yale? Mchezaji akivuta pumzi anapata oksijeni kidogo kuliko akiwa Dar. Sasa ukisema imepungua au hewa imekuwa nyepesi, tofauti iko wapi? Na kuna timu za pwani zimekuja hapo zikashinda vizuri tu.

Mwana_Loleza

Mkuu Pwani_Yetu, swali zuri. Kwa mchezaji peke yake matokeo yanafanana: mapafu yanajaa ujazo ule ule, ila ndani yake molekuli za oksijeni ni pungufu kwa karibu moja ya sita. Atapumua haraka zaidi na moyo utapiga haraka zaidi kwa kazi ile ile. Akikaa huku wiki kadhaa, mwili wake unatengeneza chembe nyekundu za damu zaidi na hali inakuwa afadhali. Ndiyo maana mwenyeji hasikii kitu. Nakubaliana nawe kwamba mita 1,700 hazishindi timu iliyojiandaa. Anayesingizia hewa dakika ya ishirini ana mambo mengine ya kujibu kwa kocha wake.

Tofauti inakuja ukitoka kwenye mpira. Kama ingekuwa oksijeni peke yake imepungua, maharage ya huku yasingekuwa na sababu ya kuchelewa kuiva kuliko ya pwani. Maharage hayapumui jikoni. Wala mpira wenyewe usingeruka mbali zaidi hapa kuliko pwani, na unaruka, kwa sababu hewa inayoupinga ni chache. Ukishika wazo la mgandamizo, mambo mengi ya huku yanajieleza.

Mama_wa_Isyesye

Hapo kwenye maharage umenigusa mwanangu. Mimi nauza chakula. Dada yangu yuko Kyela, tunanunua maharage gunia moja tunagawana, yeye anapika yanaiva mapema, mimi mkaa unaisha. Nilidhani ni maji ya huku yana chumvi.

Mwana_Loleza

Shikamoo mama. Maji ya chumvichumvi nayo huchelewesha maharage, hilo ni kweli, lakini hapo tofauti kubwa ni kimo. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuisukuma hewa iliyoyakalia. Hewa ikiwa nyepesi, maji yanachemka mapema, yaani kabla hayajawa moto sana. Pwani yanachemka kwenye nyuzi joto 100. Kyela, kule chini kwenye mita 500 hivi, ni kama 98. Hapa kwetu ni kama 94 na kitu, na Kitulo ni 91 au 92. Sufuria yako inatokota kama ya dada yako, lakini maji yake yana joto dogo, na ukizidisha mkaa hayapandi zaidi ya hapo. Yanakauka haraka tu.

Sufuria ya presha inakusaidia kwa sababu hiyo hasa: inafungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda, na maji yanafika nyuzi zaidi ya 110. Kama bado hujaimudu, loweka maharage usiku kucha na ufunike sufuria kwa kifuniko kizito. Mkaa utapungua.

Mama_wa_Isyesye

Marahaba. Ndaga fijo.

Dereva_wa_Tunduma

Naongezea kwa upande wa barabara. Nimepandisha Kitonga miaka mingi na gari za aina zote. Zile injini za zamani zisizo na tabo zilikuwa zinalalamika sana ukifika Njombe na Makambako, moshi mweusi unatoka na nguvu hakuna. Gari lenye tabo halijali. Na jambo lingine, ukibeba katoni za krispi kutoka Dar, ukifika Uyole pakiti zote zimevimba. Wenye mali wakiziona mara ya kwanza wanadhani zimeharibika.

Mwana_Loleza

Kaka umemaliza. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu inavuta hewa chache kila mzunguko na dizeli inayobaki bila hewa ya kuiunguza ndiyo huo moshi mweusi. Tabo inaibana hewa kabla haijaingia, ni kama kuirudisha pwani. Pakiti za krispi zilifungwa kiwandani Dar zikiwa na hewa ya Dar; huku nje mgandamizo umepungua, hewa ya ndani inajitanua.

Kijana_wa_Makete

Mimi swali langu ni la tangu utotoni. Huku Makete tuko juu, yaani tuko karibu na jua kuliko watu wa Dar. Mbona sisi ndio tunaoganda kwa baridi? Mwezi wa sita na wa saba asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kabisa.

Mwana_Loleza

Jua liko umbali wa kilomita milioni 150. Kilomita mbili na nusu za Makete hazibadilishi chochote hapo.

Jambo la kushika ni kwamba hewa ya chini haipati joto lake jingi moja kwa moja kutoka kwenye jua. Miale mingi inapita hewani, inafika chini, inapasha ardhi na maji, halafu ardhi ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini. Hewa iliyopata joto inapanda. Ikipanda inakutana na mgandamizo mdogo, inajitanua, na kujitanua kunaigharimu joto lake. Hewa kavu inayopanda hupoa kwa karibu nyuzi 10 kila kilomita moja. Ikiwa na mvuke unaogeuka mawingu inapoa polepole zaidi, kwa sababu mvuke ukigeuka matone unarudisha joto. Ukichukua wastani wa dunia, ni nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Piga hesabu kutoka Matema kwenye mita 480 hadi Kitulo kwenye 2,600: karibu nyuzi 14 zimepotea, na kwa macho ni mwendo wa kutazamana tu.

Hii ndiyo inayoifanya Tukuyu kuwa miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo wa kusini-mashariki unaokota mvuke juu ya Ziwa Nyasa, unasukumwa kupanda Rungwe na Uporoto, unapoa, mvuke hauna pa kukaa, unamwagika. Ukivuka kwenda upande wa Usangu upepo umeshajikamua, na wakulima wa mpunga kule wanategemea mito itokayo milimani. Ziwa moja, mlima mmoja, upande huu ndizi na chai, upande ule nyika.

Kuhusu nyasi nyeupe, naona humu kuna watu wa kilimo, wao watueleze.

Afisa_Ugani_Njombe

Kamwene wote. Hiyo nyeupe ni sakitu, na ndiyo inayotuharibia viazi mviringo na mahindi ya mabondeni. Inatokea usiku usio na mawingu wala upepo, hewa ikiwa kavu. Mchana ardhi ilipokea joto, usiku inalirudisha angani. Kukiwa na mawingu au mvuke mwingi, sehemu ya joto hilo linazuiwa na kurudishwa chini. Juni na Julai anga letu ni jeupe, hakuna wa kulizuia, linakwenda zake.

Kitu ambacho wakulima wengi hawakitilii maanani ni kwamba hewa baridi ni nzito, inatiririka usiku kufuata mteremko na kujikusanya bondeni. Utakuta mwenye shamba ubavuni mwa kilima viazi vyake vizima, jirani yake mita mia moja chini vimeungua vyote. Kwa hiyo shamba la bondeni lipandwe kwa kukwepa miezi hiyo, au likae na zao linalostahimili. Kumwagilia udongo jioni kunasaidia, maana udongo wenye maji hutunza joto la mchana vizuri kuliko mkavu. Vitalu vifunikwe kwa nyasi. Na baridi si adui wa kila zao: pareto bila baridi haitoi maua ya kutosha, ndiyo maana hailimwi Kyela.

Wakati huohuo niseme la naitrojeni, kwa sababu mwanzisha uzi ameitaja kwa haraka. Asilimia 78 ya hewa inayozunguka shamba lako ni naitrojeni, na mahindi yako yanakuwa ya njano kwa kukosa naitrojeni. Inauma kuona. Sababu ni kwamba hewani naitrojeni huenda mbili mbili, zimeshikana kwa nguvu kubwa sana, na mmea hauwezi kuzitenganisha. Radi inaweza. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharage, njegere na soya wanaweza. Kiwanda cha mbolea nacho kinaweza, kwa kutumia joto na mgandamizo mkubwa. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na asili yake ni hewa hii hii tunayoivuta. Anayechanganya mahindi na maharage, na akaacha mabaki ya maharage yaozee shambani, anapata sehemu ya naitrojeni hiyo bila kwenda dukani. Haitoshi kwa mahindi ya mbegu chotara, lakini inapunguza gharama.

Mwanafunzi_Rujewa

Shikamooni wakubwa. Mimi nipo kidato cha pili. Tumefundishwa matabaka ya angahewa lakini tumekariri majina tu. Nikiulizwa kwa nini yamegawanywa pale yalipogawanywa sijui. Naomba msaada.

Mwana_Loleza

Marahaba mdogo wangu. Mipaka ya matabaka imewekwa pale joto linapogeuza mwelekeo. Usikariri kilomita kwanza. Uliza kila tabaka linapata joto lake wapi.

La kwanza ni troposfea, hili tunalokaa. Joto lake linatoka chini, kwenye ardhi, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Karibu asilimia 80 ya uzito wa hewa yote imo humu, na karibu mvuke wote. Kwetu sisi wa karibu na Ikweta linafika kilomita 16 hadi 18, wakati kwenye ncha za dunia linaishia kilomita 8 au 9. Ndege ya abiria inayopita juu ya Mbeya kwenye kilomita 11 bado iko ndani ya troposfea, lakini ikiruka kimo hicho hicho kaskazini mwa Ulaya mara nyingi inakuwa imeshatoka. Mwisho wa tabaka hili hapa kwetu baridi inapita nyuzi 75 chini ya sifuri, kwa kawaida kali kuliko mwisho wa tabaka hilo hilo kule kwenye ncha. Unaweza hata kuuona mpaka huo kwa macho. Wakati wa mvua, jioni, tazama wingu kubwa la radi upande wa ziwa: linapanda, linapanda, halafu kichwa chake kinatandaa bapa. Limefika mwisho wa troposfea, haliwezi kuendelea.

Haliwezi kwa sababu juu yake kuna stratosfea, na huko joto linaanza kupanda badala ya kushuka. Hewa ya joto ikiwa imekaa juu ya hewa ya baridi, hakuna cha kupanda tena, kumetulia. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort aliligundua jambo hili kwa kurusha maputo yenye vipimajoto mara nyingi sana, na mwaka 1902 akatangaza kwamba juu ya kilomita 11 hivi za anga la kwao joto linaacha kushuka. Chanzo cha joto la huko ni ozoni, oksijeni ya atomu tatu, inayokaa zaidi kati ya kilomita 15 na 35. Inameza mionzi ya urujuanimno ya jua na kugeuza nguvu yake kuwa joto. Ukifika kilomita 50, joto limerudi karibu na nyuzi sifuri.

Juu ya hapo ozoni imekwisha, ardhi iko mbali, hakuna cha kupasha. Hiyo ni mesosfea, joto linashuka tena hadi karibu nyuzi 90 chini ya sifuri kwenye kilomita 85. Vimondo vingi vidogo tunavyoviona usiku vinaungulia kuanzia eneo hilo. Kinakuja kwa mwendo wa kilomita 11 au zaidi kwa sekunde, kinaigandamiza hewa iliyo mbele yake hadi inakuwa moto wa kukiyeyusha. Wewe wa Rujewa huna haja ya picha ya kitabuni: nenda Mbozi ukakione Kimondo. Ni bonge la chuma lenye nikeli kidogo, urefu wa kama mita tatu, uzito unakadiriwa tani 16. Kilikuwa kikubwa kiasi kwamba angahewa haikuweza kukimaliza.

Kisha themosfea, hadi kilomita 600 hivi. Humo mionzi mikali ya jua inazipiga molekuli chache zilizobaki, na kipimo cha joto kinapita nyuzi 1,000. Lakini ukiingiza mkono humo usingeungua, maana molekuli za kukugusa ni chache mno. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka humo, kilomita 400 hivi juu, na hewa hiyo chache bado inakipunguza mwendo, hadi inabidi kisukumwe tena mara kwa mara kisishuke. Eksosfea ndiyo ya mwisho, ambako gesi nyepesi zinatoroka kabisa kwenda angani.

Dereva_wa_Tunduma

Hapo kwenye themosfea nina swali. Zamani tukilala na magari Chunya na Tunduma, redio ya masafa ya kati mchana ilikuwa inakamata stesheni za karibu tu. Ikifika usiku unapata nchi za mbali, lugha usizozijua. Mzee mmoja alituambia ni kwa sababu usiku kuna ukimya. Kuna ukweli?

Mwana_Loleza

Kaka, jibu liko juu kabisa ya kichwa chako. Kuanzia kama kilomita 60 kwenda juu, mionzi ya jua inazing'oa elektroni kwenye molekuli za hewa. Eneo hilo lenye chaji za umeme linaitwa ionosfea, na linaweza kurudisha mawimbi ya redio chini. Mchana sehemu yake ya chini kabisa inayameza mawimbi ya masafa ya kati kabla hayajafika juu pa kurudishwa. Jua likizama, sehemu hiyo inatoweka kwa haraka, ile ya juu inabaki. Mawimbi yanapanda, yanarudishwa, yanatua mamia ya kilomita mbali, hata zaidi ya elfu. Mlikuwa mnasikiliza angahewa ikifanya kazi yake.

Bonde_la_Songwe

Mwana_Loleza umesema gesi nyepesi zinatoroka. Je, hii ndiyo sababu ya wale waliokuja kutafuta heliamu kule bonde la Rukwa? Kama iko hewani kwa nini wachimbe?

Mwana_Loleza

Ndiyo hasa. Heliamu hewani ni sehemu 5 tu kati ya milioni moja, na kuitenga kutoka humo ni gharama kubwa mno. Tena ni nyepesi kiasi kwamba mvutano wa dunia hauwezi kuishikilia milele. Ikifika eksosfea inapotea. Heliamu mpya inazaliwa ardhini, pale atomu za urani na thori kwenye miamba mikongwe zinapovunjika zenyewe polepole kwa mamilioni ya miaka. Joto la volkeno za upande wetu limesaidia kuitoa kwenye miamba hiyo, na baadhi yake imenaswa chini ya bonde. Watafiti walitangaza habari za heliamu ya Rukwa mwaka 2016. Ina kazi kubwa hospitalini, kupoza mashine za kupiga picha kwa sumaku.

Volkeno hizo hizo zinatoa pia kabonidioksidi. Kule Rungwe gesi hiyo inavunwa kutoka kisimani na kutumika viwandani, kwenye vinywaji baridi vyenye gesi. Lakini tahadhari kwa wanaochunga au kuchimba maeneo yanayotoa gesi: kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inajikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo asubuhi kusipokuwa na upepo. Mwaka 1986 Ziwa Nyos, Kamerun, lilitapika gesi hiyo usiku na kuua watu karibu 1,700. Ukiona ndege au panya wamekufa shimoni bila jeraha, usiingie kuwatazama na usimruhusu mtoto.

Mzazi_Mafinga

Nimesoma yote. Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la nne. Huku Mafinga ni baridi, wenzake wanasema jua la huku halichomi kama la Dar, na yeye anavua kofia. Hiyo ozoni inamkinga kiasi gani?

Mwana_Loleza

Mzazi, asante kwa kuuliza. Usikubali baridi iwadanganye. Joto unalolisikia kwenye ngozi na mionzi ya urujuanimno inayochoma ngozi ni vitu viwili tofauti. Mionzi hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua juu yako. Mafinga iko juu, kwa hiyo anapata zaidi kuliko mtoto wa Dar, hata akiwa amevaa sweta.

Ozoni inatukinga sana, lakini si nyingi. Ukiikusanya yote iliyoko juu yetu na kuishusha hadi usawa wa bahari, ingekuwa utando wa milimita 3 hivi, na ukanda wetu wa tropiki kwa asili una utando mwembamba kuliko nchi za mbali na Ikweta. Wanasayansi wa Uingereza walipotangaza mwaka 1985 kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila mwaka, nchi zilikutana na kutia saini Mkataba wa Montreal, Septemba 1987, na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zilizokuwa zikiiharibu zikaanza kuondolewa. Sasa inajijenga polepole.

Kwa mtoto: kofia ya ukingo mpana pande zote, siyo kepi inayoacha masikio na shingo. Mikono mirefu ya kitambaa kizito, miwani ya jua, na losheni ya kuzuia jua ipakwe tena kila baada ya saa mbili akiwa nje. Saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni akae kivulini iwezekanavyo, na mwalimu wa michezo aelezwe hivyo mapema. Mawingu mepesi hayazuii mionzi. Miezi ya kuangalia zaidi ni Oktoba na Februari, maana jua linapita karibu utosini kabisa kwetu, na Oktoba anga bado halina mawingu. Ukiona kidonda au baka kwenye ngozi yake ambalo haliponi, mpeleke kwa daktari wa ngozi bila kusubiri.

Mzazi_Mafinga

Nimeielewa ya kofia. Kesho naenda shuleni kuzungumza na mwalimu wake.